Barua ya kujiuzulu niliyorudishiwa

Nilikuwa mzee wa kanisa na mhazini wa mtaa wetu huko Kagera, yaani tawi dogo la usharika linalolelewa na mwinjilisti, mchungaji akifika Jumapili za Chakula cha Bwana. Sadaka ya ujenzi ilikaa kwangu nyumbani mpaka ifikie kiasi cha kupelekwa benki. Binti yangu aliporudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada, nilifungua kasha nikatoa shilingi 180,000. Nilijiambia nitazirudisha nikiuza kahawa. Msimu ukapita, fedha ya kahawa ikaliwa na mambo mengine.

Ndugu kiongozi unayesoma hapa, kuchukua fedha zile kulinichukua dakika tano. Kilichoniharibu ni miezi mitatu iliyofuata. Nilisoma matangazo, nikaongoza maombi, nikaitika “Amina” kila niliposalimiwa “Bwana Yesu asifiwe, mzee”. Sala zangu zikawa ndefu mbele za watu na fupi chumbani. Jumuiya nikaanza kuikwepa, maana kule watu wachache hukaa karibu na kuulizana hali, na mimi nilikuwa naogopa kuulizwa.

Mwisho niliandika barua ya kujiuzulu. Nilisingizia uchovu. Mwinjilisti aliisoma, akaikunja, akaniuliza, “Mzee, umechoka na nini?” Nikalia kwanza, ndipo nikasema yote. Hakuharakisha kunifariji, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Aliuliza, “Fedha hizo ni za nani?” Nikajibu ni za washarika. “Basi jambo hili hatuwezi kulimaliza mimi na wewe hapa sebuleni.” Akanirudishia barua yangu, akaenda nami kwa mchungaji.

Nilitolewa kwenye hazina, nikatengwa na Meza ya Bwana kwa muda, nikalipa shilingi 30,000 kila mwezi kwa miezi sita. Siku ya kurudi kundini nilisimama mbele ya watu niliozoea kuwahesabia sadaka. Mke wangu alikaa benchi la mbele ili nimwone.

Katika kipindi hicho niliishi na Petro. Nilikuwa nimezoea kuhubiri kumkana kwake Bwana, lakini sikuwahi kuona mpangilio wa maneno katika Luka 22. Yesu anamwambia habari za anguko lake, na hapo hapo anampa kazi: “nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako.” Kazi ilitajwa kabla jogoo hajawika. Kisha Yohana anatuonyesha moto wa makaa mara mbili: katika ua wa kuhani mkuu ambako Petro alikana, na ufukweni baada ya ufufuo, ambako anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Yesu hakuipita aibu ile kimya kimya. Alimketisha tena penye makaa, akamlisha samaki na mkate, ndipo akamkabidhi kondoo.

Na Petro hakumaliza udhaifu siku ile. Soma Wagalatia 2: huko Antiokia, akiwa mtume mwenye heshima, aliogopa watu akajitenga na meza ya Mataifa, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Kwa hiyo usisubiri kupona kabisa ndipo uongoze, na usiongoze bila mtu mwenye ruhusa ya kukukemea. Mtafute mtu huyo sasa, ukiwa bado umesimama. Ukishaanguka, aibu itakuchagulia mtu laini atakayekuambia “tusameheane tu”.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukavuka hadi kwetu. Wao waliita jambo hili kutembea nuruni. Walikutana, wakaungama, mwalimu na mkulima kwa pamoja, hakuna aliyekaa kiti cha juu. Natamani turudishe ujasiri ule katika vikao vya wazee, ambamo siku hizi tunajadili mabati na vyombo vya kwaya mwaka mzima bila mtu kuuliza roho ya mwenzake. Ila ungama ya kwako tu. Nimeona ndoa ikijeruhiwa kwa sababu mtu “alishuhudia” dhambi ya mkewe mbele ya watu.

Neno moja gumu. Usije ukatumia habari hii kumlinda kiongozi anayedhulumu watoto au kuwaingilia mabinti wa kwaya. Huo usiuite udhaifu wa kibinadamu. Aondolewe, apelekwe polisi, na aliyeumizwa ndiye ahudumiwe kwanza. Kusamehewa kunamrudisha mtu kwa Mungu, hakumrudishii funguo. Mimi mwenyewe sijashika tena kasha, wala sijaomba. Siku hizi sadaka huhesabiwa na watu watatu, jioni ile ile, na kila mmoja anatia sahihi.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kundini kulikuwa na mnada wa mazao nje ya kanisa. Mwinjilisti aliniita niuendeshe, mwingine akipokea fedha. Nilisita mlangoni. Mama mmoja mjane, ambaye bahasha zake za ujenzi zilikuwa ndani ya lile kasha, akanisogelea na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua miguuni pangu, akasema, “Mzee, anza na huu.”