Mwalimu, Mwanangu Anamcheka Mwenzake Anayevaa Ndala

Barua tatu zimenifikia ndani ya wiki moja, kutoka Mafinga, Uyole na Tukuyu, na zote zinahusu watoto wetu na watoto wa wenzetu. Ya Mafinga imenikaa moyoni zaidi. Naanza nayo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mafinga, mume wangu anafanya biashara ya mbao. Kijana wetu wa pili yuko darasa la nne. Wiki mbili zilizopita mwalimu wake aliniita shuleni. Kumbe yeye na wenzake wamembandika mtoto mmoja jina la "Ndala", kwa sababu anakuja shule na ndala hata kwenye baridi hii. Yule mtoto akakaa nyumbani siku mbili. Nilimchapa mwanangu, kesho yake nikaenda naye, akaomba radhi mbele ya darasa zima. Nikadhani yameisha. Sasa naambiwa jina hawalitaji tena, ila yule mtoto akipita wanapigapiga viatu sakafuni, chap-chap, chap-chap, halafu wanatazama pembeni. Nimeona aibu sana. Nimekosea wapi?
Mama wa watatu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kuiandika hata hiyo chap-chap. Wazazi wengi wangeishia pale kwenye radhi, wakajiambia kazi imekwisha.

Nimefundisha shule za msingi miaka 31, na radhi za mbele ya darasa nimeziamuru nyingi kabla sijaziacha. Hebu fikiria wewe ndiye yule mtoto. Umekaa dawati la tatu, miguu umeificha chini ya benchi, na mtu anasimama kutangaza kwamba anaomba radhi kwa kuicheka miguu yako. Darasa zima litageuka kutazama nini? Na fimbo nayo imemfundisha mwanao jambo moja tu, kwamba lile jina lina adhabu. Basi ametafuta njia isiyo na jina. Mtoto wa darasa la nne ana akili.

Ambalo bado hajafundishwa ni kumwona mwenzake. Nami nilifundishwa hilo nikiwa mtu mzima tayari, chaki mkononi.

Mwaka 1994 nilikuwa shule moja ya kijijini upande wa Njombe. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai hahitaji kusimuliwa: asubuhi unakuta majani yameota barafu nyeupe, na mtoto akishika kalamu vidole havikunjiki. Darasani kwangu kulikuwa na mvulana aliyechelewa kila siku, na kila siku nilimsimamisha kwenye mlingoti wa bendera mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Hakuwa akisema kitu. Alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, akasimama. Wiki ya pili msichana mmoja mdogo alinifuata mezani akaninong'oneza: "Mwalimu, kwao yeye ndiye anayewasha moto."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mama yake humtuma pale alfajiri kuomba kaa la moto, na kila akifika anamkuta mwenzake amepiga magoti anapuliza, bibi yake yuko kitandani, hainuki. Moto ukishika anachemsha maji, anamnawisha bibi, anamkorogea uji, ndipo anaanza safari ya shule.

Mimi mwalimu wake sikujua. Mtoto wa miaka minane alijua. Nilikwenda kumtoa pale mlingotini, nikamhamishia dawati la dirishani linalopata jua la asubuhi, na sikumsimamisha tena. Lakini sikumwambia "nisamehe". Enzi zile mwalimu hakumtamkia mtoto neno hilo. Linaniuma mpaka leo.

Yule msichana nimemfikiria sana. Alikuwa mtoto wa kawaida, mgomvi hata, siku nyingine niliamua kesi zake za kuvutana nywele. Ila alikuwa anatumwa. Kila alfajiri anabisha hodi kwa watu, anasalimia "kamwene", anaulizwa habari za kwao, anasubiri apewe kaa lake, na wakati anasubiri macho yake yanafanya kazi. Watoto wetu wa leo jikoni kuna gesi, geti limefungwa, bajaji ya shule inambeba mlangoni na kumshusha mlangoni. Simsemi mtu kwa kuwa na gesi, hata mimi ninayo. Lakini nani anamtuma mtoto siku hizi? Wengine wamefika darasa la saba hawajawahi kukaa kwenye kigoda cha nyumba isiyo yao wala ya ndugu zao. Mwanao amemwona yule mtoto miguuni tu kwa sababu kwingine kote hajawahi kufika.

Kwa hiyo mtume. Jumamosi umepika maharage, tia bakuli moja ampelekee mzee wa jirani. Akirudi usimuulize tu kama amefikisha. Muulize mzee anaendeleaje, alikuwa amekaa wapi, nani mwingine alikuwepo. Mara ya kwanza atakwambia "sijui". Mwache, mtume tena Jumamosi nyingine. Siku moja atakuja kukwambia kwamba mzee hana mtu wa kumchotea maji. Hapo, mama, nyamaza. Usimjazie maneno, usimpangie la kufanya. Subiri usikie anasema nini baada ya hapo.

Lingine ni zito kidogo, unisamehe nikilisema. Mume wako ana vibarua wanaopakia mbao. Wanaitwaje hapo nyumbani? Wana majina yao, au ni "wale wabeba mbao", na mmoja ni "yule kiguu"? Nimekaa na watoto muda mrefu, na majina ya kubandika watu hawayatungi hewani. Mtindo wake wameusikia mahali. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema sikilizeni wiki moja, wewe na baba yao, mkianza na vinywa vyenu.

Kuhusu viatu, najua umeshafikiria kumnunulia yule mtoto. Nunua, na sweta juu yake. Lakini mwanao asivipeleke, visitolewe mstarini mbele ya shule nzima, na picha isipigwe. Mpelekee mwalimu wa darasa jioni watoto wakishaondoka, yeye azungumze na mlezi. Mwanao achangie fedha yake ya karanga ya wiki mbili, na jina lake lisitajwe popote. Atalalamika, maana mtoto anapenda kupongezwa. Mwache alalamike. Jumatatu viatu vile vitapita mbele yake, yeye akijua, na kazi yake yote siku hiyo ni kufunga mdomo. Kwa mtoto wa umri ule hiyo ni kazi kubwa, na akiiweza mpongeze usiku, mkiwa wawili.

Mlezi akikataa, mheshimuni. Katika mikoa yetu hii mabibi wengi wanalea wajukuu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe bado ya kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 12.7, na Iringa yetu inafuatia kwa asilimia 11.1. Nyuma ya ndala za mtoto yanaweza kuwepo mambo ambayo mimi na wewe hatuna haki ya kuyachimba. Mazungumzo ya "mama yake alikufa na nini" yasifanyike wakati wa chakula watoto wakisikia. Kesho yake yatakuwa shuleni.

Halafu kuna chandimu. Umewahi kuwatazama wakicheza? Mpira wa makaratasi, viatu vyote vinavuliwa visichanike, na ndala ndizo zinazowekwa kuwa magoli. Pale uwanjani wote wako pekupeku, na huenda huyo mnayemhurumia ndiye anayewapiga chenga wote. Mwambie mwanao amchague upande wake, tena mapema, asimwache wa mwisho kama mzigo. Na ile chap-chap, amwambie rafiki yake anayeianzisha, mmoja tu, wakiwa njiani, kwamba yeye haipigi tena. Asiende kwa mwalimu kwanza. Mchezo wa namna hiyo mmoja akijitoa hauna utamu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nilikuwa na binti yangu wa miaka sita kwenye daladala kutoka Mwanjelwa kuja Uyole. Akapanda mama mmoja na mtoto mwenye ualbino. Binti yangu akauliza kwa sauti, "Baba, mbona yule mzungu na mama yake mweusi?" Abiria wakacheka. Nikamziba mdomo. Nilipaswa kusema nini?
Baba, Uyole

JIBU: Nzuri, kaka yangu. Binti yako ameuliza tu. Waliokosea ni wale waliocheka. Shida ya kumziba mdomo ni kwamba sasa ameelewa kuwa yule mtoto ni jambo la aibu, lisilosemwa.

Ungemjibu palepale, kwa sauti ileile aliyoulizia: "Si mzungu, ni mtoto wa hapahapa kama wewe. Amezaliwa na ngozi isiyo na ile rangi inayotukinga na jua." Kisha ukamsalimia yule mama, na mwanao akamsalimia mtoto. Kituo kimoja kingetosha kwa hayo yote.

Nyumbani mweleze zaidi, maana darasa la kwanza atakutana naye au na mwingine. Ualbino unarithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wote ni weusi tii. Macho ya mtoto huyo hayaoni mbali vizuri, ndiyo sababu shuleni anakaa mbele karibu na ubao, wala si kwamba mwalimu anampendelea. Binti yako akimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara asipoitikiwa, asiseme "anaringa". Hajamwona. Asogee, amwite kwa jina lake. Na ile kofia pana na mikono mirefu ni ya kila siku, hata siku ya baridi. Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jua la huku linaunguza ngozi yake hata kama upepo unatoka mlima Loleza na sisi wengine tumejikunyata. Wakitaka kucheza rede, binti yako ndiye awe wa kwanza kusema, "Tuchezee kule kwenye kivuli." Hilo mtoto wa miaka sita analiweza kabisa.

Neno "zeruzeru" lisitoke kinywani mwa mtu yeyote kwako. Wewe ni mtu mzima, unakumbuka habari za kuanzia mwaka 2007 za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo. Mama yule anapopanda daladala na mwanawe, anazikagua nyuso zetu moja moja. Salamu yako ingemwambia kitu. Tangu mwaka 2015 dunia inaadhimisha Juni 13 kuwa siku ya uelewa kuhusu ualbino. Ukisikia kuna mkusanyiko karibu, mpeleke binti yako, akae na wenzake wacheze.

SWALI: Mwalimu, mjukuu wangu wa darasa la pili anarudi nyumbani na njaa kila siku. Namfungia ndizi na maharage kwenye bakuli la mfuniko. Kumbe anagawana na rafiki yake ambaye kwao hawajachangia uji wa shule, na siku nyingine anampa vyote. Nimkataze?
Bibi, Tukuyu

JIBU: Shikamoo Bibi, na ndaga kwa kuandika. Nakuomba usimkataze.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini chakula cha mchana na uji bado vinategemea michango ya wazazi, na nyumba iliyoshindwa kuchangia, mtoto wake ndiye anayekaa pembeni wenzake wakipanga foleni na vikombe. Wazazi tunayajadili haya kwenye mikutano ya shule mpaka jua linazama. Mjukuu wako ameyaona kwa macho yake na kufungua mfuniko wa bakuli.

Ila naye ni mtoto, anahitaji kula. Mwambie wagawane nusu kwa nusu, asitoe chote, na asikufiche. Akikuficha ni kwa sababu anaogopa utakasirika, basi ajue hukasiriki. Suala la uji liondoe mabegani mwake, ulipeleke kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kimyakimya, bila kumtaja yule mtoto hadharani. Debe moja la mahindi kutoka kwa majirani wawili watatu walioelewana linaweza kumwingiza mtoto mmoja kwenye ile foleni kwa muda mrefu. Na siku moja mwalike yule rafiki yake aje kwako baada ya shule, umjue, ujue na bibi yake kama anaye.

Mpaka hapo, ongeza ndizi mbili kwenye bakuli, na kesho mwekee vijiko viwili.