Mtihani wa Kupangiwa Darasa la Hesabu: Usiende Hivihivi

Kila muhula ukikaribia, wadogo zetu wanaojiunga na community college (chuo cha umma cha miaka miwili) hapa Marekani huniuliza swali lilelile: huu mtihani wa kupangiwa darasa la hesabu, nisome au niende tu? Wengi wameshaambiwa wasihangaike, maana mtihani wenyewe hauna kufeli, unapima tu ulipofikia. Mimi nawaambia wasome.

Kufeli hakuna, lakini gharama ipo. Alama zikiwa za chini unapangiwa kozi za marudio. Unazilipia kama kozi nyingine yoyote, zinakula ruzuku yako ya Pell, yaani msaada wa masomo wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, na kwa kawaida hazihesabiwi kwenye shahada. Mtu amekuja kusomea uuguzi, anajikuta muhula mzima, pengine miwili, yuko kwenye sehemu na desimali. Nimeona watu wenye akili nzuri wakikata tamaa hapo na kuacha chuo. Iliniuma, kwa sababu hesabu zile walizijua. Aliyemaliza kidato cha nne zamani, kisha akawa anafanya kazi ya usiku ghalani, hawezi kukumbuka milinganyo kwa kushtukizwa asubuhi moja. Mpe wiki chache za kurudia namba hasi, asilimia na aljebra, utaona zinavyorudi. Kujiandaa hivyo hakumdanganyi mtu kuhusu kiwango chako, kunakionyesha kilivyo.

Sisi tuliosoma nyumbani tuna sababu nyingine. Gradient ya Kenya na Tanzania huku wanaiita slope, surds ni radicals, indices ni exponents. Aliyesoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi amezoea mkato kwenye desimali. Huku ni nukta. Futi ina inchi 12, pauni ina aunsi 16. Kwa hiyo fanyia mazoezi maswali ya huku, usitegemee daftari la zamani peke yake.

Uliza mapema chuo chako kinatumia mtihani gani, na kama matokeo yako ya sekondari yanaweza kukuondolea mtihani huo, maana vipo vyuo vinavyoyakubali. Kuna mtihani uitwao ACCUPLACER: hauna muda maalumu, basi usikimbie. Ila ukishajibu swali huwezi kulirudia, na kikokotoo hutokea kwenye skrini kwa baadhi ya maswali tu, kwa hiyo zoea kukokotoa kwa mkono. College Board, shirika linalotunga mtihani huo, wanatoa maswali ya mazoezi bure. Mtihani mwingine, ALEKS, hufanywa kwenye kompyuta na una maswali yasiyozidi 30; ukimaliza, programu inakuonyesha ulipopungukiwa, unajifunza hapohapo, na vyuo vingi vinakuruhusu kuurudia.

Nisilokubali kabisa ni kumwomba binamu akufanyie ALEKS nyumbani. Utapangiwa darasa usiloliweza, na F utakayoipata inabaki kwenye rekodi yako na inaweza kukukosesha ruzuku ya mwaka unaofuata.