Mikunga wa maji baridi: kabla ya kutega, ujue mto unaishia wapi

Mwanafunzi wa Kisumu, Maseno au Njoro anayechagua kusoma mikunga wa maji baridi, samaki warefu wembamba kama nyoka, huanza na swali la makazi: je, hukaa chini ya mawe, kwenye mizizi ya kingo, au kwenye vidimbwi virefu? Swali hilo lina maana tu kwenye mto ambao mkunga anaweza kuufikia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ramani.

Mikunga wa jenasi Anguilla hutagia mayai baharini na hukulia mitoni. Kwa wale wa Afrika Mashariki, inaaminika mazalio yako upande wa mashariki wa Madagaska. Lava wake, yaani kitoto kilichoanguliwa, ni bapa na wa kuonekana ndani kama kioo. Huchukuliwa na mikondo ya bahari hadi pwani, hapo hubadilika kuwa vikunga vyembamba visivyo na rangi, kisha hupanda mto. Humo hukaa miaka mingi wakila na kukua, na mwishowe waliokomaa hugeuka rangi ya fedha, macho yakawa makubwa, wakateremka usiku wa mafuriko kurudi baharini kutaga mara moja na kufa. Sehemu yoyote ya mto isiyo na njia wazi ya kwenda na kurudi baharini haipati mikunga wapya wa aina hii, hata kama maji ni safi na mawe ni mazuri kiasi gani.

Chukua sasa ramani ya kwetu. Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja humwaga maji yake Ziwa Victoria, na Mara vivyo hivyo kwa upande wa Tanzania. Njoro, Makalia na Nderit huishia Ziwa Nakuru. Malewa na Gilgil huingia Naivasha, Molo na Perkerra huingia Baringo, Turkwel na Kerio huenda Turkana. Maziwa ya Bonde la Ufa hayana mto unaotoka kwenda baharini. Ziwa Victoria linao, lakini ni Nile, inayoelekea Mediterania. Huko chini mkunga wa Ulaya, Anguilla anguilla, yupo, ila kati yake na Kisumu kuna bwawa la Aswan, maporomoko ya Nubia, vinamasi vya Sudd, maporomoko ya Murchison yenye anguko la mita 40 hivi, na bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo kuanzia Nakuru hadi Busia usipange kuhesabu Anguilla. Pendekezo la utafiti linalosema "usambazaji wa mikunga Mto Nyando" litarudishwa, na ni haki lirudishwe.

Kwa Kenya, mikunga hawa ni wa mito ya Bahari ya Hindi: Tana, Athi ambayo chini huitwa Galana kisha Sabaki, Ramisi na Umba. Spishi ni nne: A. mossambica, A. bengalensis labiata, A. marmorata na A. bicolor.

Sasa utaambiwa na wavuvi wa Nyando au Kuja kwamba mkunga yupo, na hawakudanganyi. Wanamaanisha okunga, yaani Mastacembelus frenatus, samaki mwembamba mrefu wa ziwani na mitoni ambaye si ndugu wa Anguilla. Kutofautisha ni rahisi ukimshika. Okunga ana safu ya miiba mifupi iliyotengana mgongoni, mbele ya pezi laini, na pua yake imechongoka ikiwa na kinyama laini mbele. Anguilla hana mwiba hata mmoja, na pezi la mgongo, la mkia na la chini yameungana kuwa moja. Kamongo, samaki mwenye mapafu, ana mapezi manne kama kamba. Mumi (kambare) ana sharubu ndefu, jozi nne. Mvuvi akikuletea habari ya mkunga, usiandike jina la Kilatini kabla ya kuona mgongo na pua. Piga picha ya ubavu mzima kando ya rula, ya kichwa kutoka juu, na ya mahali pezi la mgongo linapoanzia.

Picha hiyo ya tatu ndiyo utakayoitegemea zaidi ukifika pwani. Pima kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa pezi la mgongo, kisha kutoka pua hadi mwanzo wa pezi la chini. Toa cha kwanza kwenye cha pili, gawanya kwa urefu wote, zidisha kwa 100. A. bicolor hutoa namba iliyo karibu na 0, kwa kuwa mapezi hayo mawili huanzia karibu usawa mmoja. Wale watatu wengine hutoa 10 au zaidi, kwa wastani. Kisha tazama ngozi: A. mossambica ana rangi moja isiyo na madoa, A. marmorata na A. b. labiata wana madoa ya kahawia. Hao wawili hukanganya, hasa wakiwa wadogo, kwa hiyo kata kipande cha pezi cha milimita chache, kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 na upeleke kwa kipimo cha DNA. Kitambulisho cha madoa peke yake kwa samaki wa sentimita 15 hakifai kuchapishwa.

Je, anayeishi Kisumu ajifunzie wapi? Ajifunzie hapa hapa, kwa okunga na kamongo. Mbinu ni zile zile, mawe ni yale yale, na gharama ya kosa ni ndogo kuliko kwenda kuligundua kosa hilo Tana baada ya kusafiri usiku kucha. Mito yetu pia inafundisha vizuri suala la vizuizi: samaki ningu na fwani hupanda kutoka ziwani mvua za masika zinapoanza, na ukilinganisha chini na juu ya Nabuyole kwenye Nzoia, au ya Gogo kwenye Kuja, utaelewa maporomoko na mabwawa hufanya nini kwa samaki msafiri.

Kabla ya kuingia majini pata leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), zungumza na ofisi ya uvuvi ya kaunti na kamati ya ufuo, na umjulishe chifu. Ukienda Galana ndani ya Tsavo utahitaji pia ruhusa ya Shirika la Wanyamapori. Anza miezi mitatu mapema. Midomo ya mito yetu ina viboko, na Tana na Galana zina mamba. Mitego hutegwa mchana na kuteguliwa mchana, ukiwa na mwenyeji anayejua wanapopita.

Kwenye maji mafupi yenye mawe, chombo kikuu ni mashine ya kuvua kwa umeme. Hii haitumiwi na mtu mmoja: wanahitajika watatu angalau, wote na viatu virefu vya mpira visivyovuja na glavu za mpira, na mmoja awe ukingoni na jicho kwenye swichi. Pima kwanza upitishaji umeme wa maji. Chini ya mikrosiemens 100 kwa sentimita utahitaji volti nyingi, mara nyingi 300 kupanda juu. Kadiri upitishaji unavyoongezeka, punguza. Kwenye maji ya chumvi ya mdomo wa mto mashine ya mgongoni haifanyi kazi, kwa hiyo usiibebe. Tumia umeme wa mkondo mmoja wa mipigo, ukianzia takriban 30 kwa sekunde, kwa sababu mipigo mingi huvunja uti wa mgongo, na samaki mrefu ndiye huumia zaidi.

Wengi hukosea mwendo. Wamezoea fwani na sato wadogo, ambao hutokeza papo hapo, basi wanatembea haraka. Mkunga yumo ndani kabisa ya nafasi za mawe na hutoka polepole. Shikilia kichwa cha umeme mahali pamoja sekunde 10 hadi 20, zima, subiri kidogo, washa tena, huku wavu wa mkono wenye matundu ya milimita 3 hadi 4 ukiwa umegusa sakafu upande wa chini ya mkondo. Ziba juu na chini ya kipande cha mto kwa nyavu, pitia mara tatu, na uache nusu saa kati ya mpito na mpito. Ukipata 14, kisha 6, kisha 3, hesabu ya kukadiria idadi inafaa. Ukipata 5, 6, 5, idadi haikupungua, na hakuna fomula itakayokuokoa: ongeza mpito wa nne, au ripoti idadi uliyoishika kuwa kiwango cha chini tu.

Vidimbwi virefu na maji ya tope vinahitaji mitego ya wavu yenye pete na mbawa. Mdomo uelekee chini ya mkondo, mbawa zifungwe kwenye nguzo, na hesabu iwe ya mtego kwa usiku: mitego 6 kwa usiku 2 ni 12, mikunga 3 ni 0.25. Andika pia mbalamwezi na kimo cha maji, kwa sababu mkunga hutembea zaidi usiku wa giza na maji yakiwa yanapanda. Ukubwa wa matundu ni jambo la kufikiriwa. Mkunga wa sentimita 25 hupenya tundu linalomzuia sato wa sentimita 12, kwa hiyo mtego wa matundu makubwa utakuambia mto una mikunga wakubwa peke yao, na hiyo itakuwa habari ya wavu wala si ya mto.

Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: weka chupa tupu ya plastiki ya lita 1 au 2, iliyofungwa kizibo, ndani ya mkia wa kila mtego ili sehemu ibaki juu ya maji. Kamongo mkubwa hupumua hewa. Akinaswa chini ya maji usiku mzima anakufa kwa kukosa pumzi, na yeye ni samaki tu aliyeingia kwenye mtego wako. Fisimaji na kasa hufa hivyo hivyo. Ukimtoa kamongo, weka vidole mbali na mdomo.

Mkunga aliyeshikwa awekwe kwenye ndoo yenye kifuniko kilichofungwa, kivulini, wakubwa mbali na wadogo. Ndoo wazi utaikuta tupu. Kwa kumlaza, changanya sehemu 1 ya mafuta ya karafuu na sehemu 9 za ethanoli, weka mililita 0.5 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji, subiri dakika tatu, na uongeze 0.5 nyingine akiwa bado anajinyonga. Asiyelala vizuri hapimiki. Mlaze ndani ya bomba la PVC lililopasuliwa kwa urefu, lenye rula iliyobandikwa, mikono ikiwa imelowa. Kisha arudi kwenye maji safi yenye hewa hadi ajigeuze mwenyewe na kukimbia akiguswa. Samaki aliyelazwa kwa karafuu asigawiwe mtu kula. Pima kipenyo cha jicho, cha mlalo na cha wima, kwa sababu ndicho kinachoonyesha anayejiandaa kurudi baharini. Faharasa ya Pankhurst ya mwaka 1982, inayolinganisha jicho na urefu wa mwili na yenye kikomo cha 6.5, ilitengenezwa kwa mkunga wa Ulaya, hivyo toa namba zako bila kudai kwamba 6.5 ndiyo mstari wa spishi zetu.

Sasa makazi yenyewe. Kila ulipomtoa mkunga acha jiwe lenye utepe wa rangi, na ukimaliza mpito rudi upime kina, kasi ya maji kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu, na sakafu: mchanga chini ya milimita 2, changarawe 2 hadi 64, mawe 64 hadi 256, majabali zaidi ya hapo. Halafu, kwa kila nukta moja yenye mkunga, pima nukta tatu zisizo naye, zilizochaguliwa kwa namba za nasibu. Hili ndilo linaloachwa mara nyingi, na bila hilo hakuna utafiti wa makazi. Ukisema asilimia 70 ya mikunga walikuwa kwenye majabali, nasi hatujui kama asilimia 70 ya mto wote ni majabali, hujatuambia walichagua nini.

Kwa kiwango cha mto mzima, tarajia wengi na wadogo karibu na bahari, wachache na wakubwa juu. A. bicolor hubaki zaidi maji ya chini na vinamasi vya mdomoni, wakati A. mossambica na A. b. labiata hupanda mbali ndani ya nchi. Pima umbali kwa kufuata mto wenyewe kwenye ramani, kila kona yake. Umbali, mwinuko na joto la maji hupanda na kushuka pamoja, hivyo ukivitia vyote kwenye modeli moja hutajua kipi kimefanya kazi, chagua kimoja. Vizuizi viwe safu yake peke yake: vingapi viko chini ya kituo, urefu wake, mwaka wake. Tana ina Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988, ambalo ndilo la chini kabisa kati ya hayo. Kikunga cha chini ya sentimita 10 huweza kukwea ukuta wenye unyevu na ukungu. Ukuta mkavu wa saruji, hapana. Kwa hiyo andika pia kama uso wa kizuizi una maji yanayochuruzika, na miezi gani. Mkunga mkubwa ukimpata juu ya bwawa huenda alipita kabla ya ukuta kujengwa, kwa maana mikunga huishi miaka mingi. Umri wake husomwa kwenye jiwe la sikio, yaani kijiwe kilicho ndani ya kichwa chake, na madini ya strontiamu yaliyomo humo huonyesha muda aliokaa maji ya chumvi.

Mwisho, namba sifuri. Tuseme mkunga yupo kwenye kituo, na uwezekano wa kumwona kwa ziara moja ni 0.4. Ziara tatu bila kumwona bado zinaacha 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.216: zaidi ya mara moja kati ya tano utaandika "hayupo" na yupo. Ili hatari hiyo ishuke chini ya 0.05 unahitaji ziara sita. Kama bajeti haitoshi, punguza vituo, usipunguze ziara, na kwenye jedwali andika kando ya kila sifuri idadi ya ziara, mitego na saa za umeme zilizoizaa.