Kabla hujaandika "aina"

Ukianza kuandika falsafa kwa Kiswahili, neno litakalokujia haraka kuliko yote ni aina. Mimi liliniponza mapema. Nilikuwa naandaa maelezo ya darasa kuhusu Jamhuri ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kitabu cha nne, nikaandika kwamba kuna "aina tatu za nafsi": akili, hamasa na tamaa. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo kila mtu ana nafsi tatu, au kuna watu wa nafsi hii na wengine wa nafsi ile?"

Aliuliza vizuri, kosa lilikuwa langu. Plato anazungumzia nafsi moja yenye sehemu tatu zinazoweza kuvutana: mtu ana kiu, maji anayo, na bado kitu ndani yake kinamkataza asinywe. Bila neno sehemu, mvutano huo hauelezeki. Akihamia kwenye mji, wenye watawala, wasaidizi wao na wazalishaji, neno linabadilika tena: hayo ni matabaka.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, naye anataja mambo matatu kuhusu nafsi: uwezo wa kujilisha na kukua, ambao hata mgomba unao, uwezo wa kuhisi, walio nao wanyama, na uwezo wa kufikiri, alio nao binadamu. Hapa sehemu haitoshi, na tabaka linapotosha. Mnyama anayehisi lazima pia ajilishe, ila mgomba unajilisha bila kuhisi. Aristotle mwenyewe anafananisha na maumbo: ndani ya pembenne imo pembetatu. Mimi hutumia ngazi, kwa kuwa anayepanda hukanyaga vipandio vya chini kwanza. Wapo wanaopenda daraja. Sina ugomvi nao, ila naona neno hilo linavuta mno maana ya cheo.

Nikikwama, natunga sentensi. "Simba ni mnyama" inakubali, basi simba ni aina ya mnyama. "Kidole ni mkono" inakataa, basi kidole ni sehemu. Usitegemee kiunganishi -a kikusaidie, maana kinasema aina ya mnyama, mguu wa mnyama na mchungaji wa mnyama kwa utulivu ule ule. Chini ya nayo ina mtego wake: karani yuko chini ya mkurugenzi na hupokea amri, spishi, yaani aina ndogo kama simba, iko chini ya jenasi, yaani aina kubwa kama mnyama, na haipokei amri yoyote. Afadhali uandike kwamba spishi imo ndani ya jenasi.

Neno kategoria, yaani kundi kuu la mambo yanayoweza kusemwa juu ya kitu, naliacha lilivyo. Kwa Kigiriki kitenzi chake kilikuwa cha mahakamani, kushtaki, naye Aristotle akakitumia kwa maana ya kuarifu jambo juu ya kitu. Ukikumbuka kiima na kiarifu vya shuleni, umeshakaribia. Tazama mifano yake: yuko sokoni, jana, ameketi, amevaa viatu, anakata, anakatwa. Kategoria mbili za mwisho, kutenda na kutendwa, sisi tunazitenganisha kwa w moja tu, na kila ninapozifundisha nafurahi.

Utashauriwa pia utumie ngeli za nomino kupanga vitu katika kategoria. Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha 1956, alichota kategoria nne za kuwapo kutoka Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Ni kazi ya kuheshimiwa, na shina lake unalisikia katika mtu na kitu. Lakini kwetu kifaru ana ki- ya kiti, na bado tunasema "kifaru amelala". Umbo linamweka pamoja na viti, upatanisho unamweka pamoja na watu. Ukitaka kujenga hoja juu ya ngeli, sema kwanza unafuata kipi kati ya hivyo viwili.

Jambo la mwisho linapingana na tulivyofundishwa kwenye insha. Tuliambiwa tusirudierudie neno. Katika falsafa, rudia. Ukiandika sehemu ukurasa wa kwanza, kipengele wa pili na upande wa tatu, msomaji makini atatafuta vitu vitatu, na atakuwa na haki.