Hati ya uwakili peke yake haitoshi

Dada, umeuliza kama mama akisaini hati ya uwakili, yaani ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yake, kabla ya kwenda India kupasuliwa moyo, mambo ya nyumba na benki yameisha. Hayajaisha. Hati hiyo inakoma siku aliyeitoa anapofariki. Hapo benki hawakusikilizi tena mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo aandike na wosia sasa, mbele ya mashahidi wasiorithi chochote. RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia na kuutunza. Kama ni Mwislamu, wosia usizidi theluthi moja ya mali.

Upande wa hospitali ndiko tunakokosea sana. Baba yangu mdogo alizidiwa uwanja wa ndege, faili lake likiwa kwenye sanduku lililokwisha kupakiwa. Tukapiga simu nyumbani kuulizia dawa yake ya presha, tukajibiwa, "kile kidonge cheupe kidogo." Niliumia sana. Andikeni jina la dawa yenyewe, si lile la kibiashara, na miligramu zake, mzio alionao, na nani wa kuamua mama asipoweza kusema. Karatasi hiyo akae nayo anayemsindikiza, mkobani, siyo kwenye begi kubwa.