Nyanya za kwenye ndoo kuoza kitako

Mkuu, umeuliza kwa nini nyanya zako za kwenye ndoo zinaoza kitako na udongo una utando mweupe. Doa jeusi kitakoni mwa nyanya huku majani yakiwa ya kijani kabisa si ukungu, kwa hiyo usitupe hela kwenye dawa. Tunda limekosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo, ila husafiri na maji, na wewe unasema unamwagilia siku bomba linapotoka tu. Kwa jua na upepo wa Dodoma wa Septemba hii, ndoo ya lita 20 hukauka upesi mno! Weka akiba ya maji kwenye dumu. Kila asubuhi chomeka kidole hadi kifundo cha pili; pakiwa pakavu, mwagilia taratibu mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini, kisha funika udongo kwa nyasi kavu.

Urea, ile mbolea ya nitrojeni, acha kabisa kwa sasa, inachochea majani na tunda ndilo linaloumia. Ukihitaji mbolea ya kukuzia, CAN (mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu) ni afadhali, kidogo tu na mbali na shina.

Yaliyokwisha kuoza hayaponi, yachume. Na ule utando mweupe juu ya udongo ni chumvi, nadhani ya hayo maji unayomwagilia. Mvua zikianza Desemba, kinga maji ya bati uyamwagilie kuisafisha chumvi hiyo.