Mwenye nyumba kakunyima funguo kwa sababu ya dini

Pole sana, dada. Umelipa kodi ya miezi sita Nkuhungu, Dodoma, kisha mwenye nyumba anasema hapangishi watu wa dini yako. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza ubaguzi wa dini, ila imewalenga zaidi wenye mamlaka. Kwa mtu binafsi, nguvu yako ni mkataba. Usikubali kurudishiwa hela huku ukisaini kwamba huna madai; hapo unaweza kupoteza haki yako. Tunza ujumbe wa muamala, na dalali aandike alichosikia. Anza baraza la kata, ambalo husuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha, chukua uthibitisho wake uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila muafaka, unaweza kwenda hata bila uthibitisho huo.